Nazira Matar, Aliyeitwa Mama Tannus (1950–2023)

Ndugu, majirani, na nyote mliopanda mlima huu kuja kumsindikiza mwenzetu: haya ni maisha ya Nazira binti Yusuf Matar, mfinyanzi wa kijiji chetu cha Bayt Sallum, mke wa Boulos Daher. Marehemu hakuwa mpenzi wa sifa za msibani. Wasifu wa watu wengine ulipokuwa ukisomwa hapa hapa kanisani, alizoea kumwinamia wifi yake Adla na kumnong'oneza, "Huyu anayesomwa ni nani? Mimi yule niliyemjua alikuwa mchoyo wa mafuta ya zeituni." Kwa hiyo tumejitahidi kumwandika yeye mwenyewe alivyokuwa, asije akatunong'oneza na sisi. Liko jina moja aliloagiza lisomwe leo kwa sauti mbele ya watu wote. Jina hilo limetugombanisha nyumbani kwa siku mbili, na tutalifikia mahali pake.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 3 Machi 1950, katika nyumba ya baba yake iliyo juu ya chemchemi. Alikuwa mtoto wa nne, na msichana wa nne. Baba yake, mzee Yusuf, alikuwa ameshashuka mjini Batrun kununua lozi za kupambia mughli, ule uji mzito wa unga wa mchele, mdalasini na kisibiti tunaowapa wageni mtoto anapozaliwa. Mkunga alipotoka na kutangaza kilichopatikana, mzee Yusuf alisema, "Rudisheni lozi kabatini. Zitatufaa mwakani." Mwakani akazaliwa Milad. Lozi zikatolewa, zikachambuliwa wadudu, zikaliwa kwa vigelegele. Kwa miaka sabini na zaidi marehemu hakumwachia mdogo wake huyo nafasi ya kusahau. Kila walipokosana, na walikosana kila Jumapili, alimalizia kwa maneno yale yale: "Wewe Milad, ulisherehekewa kwa lozi zangu."

Alisoma katika shule ya masista iliyoko ng'ambo ya bonde, kilomita nne kwa miguu kwenda na nne kurudi, akamaliza darasa la saba mwaka 1963. Hesabu aliziweza, kudarizi hakukuweza kabisa. Krismasi ya mwaka wake wa mwisho alipewa udongo afinyange sanamu za pango la Bethlehemu. Wachungaji walitoka vizuri, ng'ombe akatoka vizuri, lakini Bikira Maria alimfinyanga amelala chali, amefunikwa blanketi hadi kifuani, macho kayafumba.

"Nazira," sista akamwambia, "Mama wa Mungu hupiga magoti. Halali."

"Sista, mtu ametoka kujifungua sasa hivi. Apige magoti ili iweje?"

Sista huyo, Mungu amrehemu, hakuitupa sanamu ile. Aliisogeza nyuma ya ng'ombe ambako padri asingeiona. Masista waliendelea kuitumia miaka mingi, na ukienda leo utamkuta Maria yule kwenye sanduku moja na wenzake, pua imemeguka kidogo, bado amelala.

Tarehe 20 Septemba 1970, siku ya Jumapili, marehemu alifunga ndoa na Boulos Daher katika kanisa hili. Boulos alikuwa fundi wa kujenga kuta za mawe zinazoshikilia matuta ya mashamba yetu mlimani, na aliyewahi kuona ukuta wake anajua kwamba hauna haraka. Tangu ana miaka kumi na mitano wenzake walikuwa wakimwita Baba Tannus, kwa kuwa baba yake aliitwa Tannus, na mtoto wake wa kwanza wa kiume, kama ilivyo desturi, angerithi jina la babu. Hivyo bibi harusi aliingia kwa mlango ule pale akiwa Nazira, akatoka akiwa Mama Tannus. Kijiji kizima kilimwita hivyo kwa miaka hamsini na miwili. Tannus mwenyewe hakuwahi kuzaliwa.

Kazi ya ufinyanzi alifundishwa na mama mkwe wake, Bibi Hanne, mwanamke mfupi mwenye viganja kama vya fundi seremala. Aliyewahi kununua kwake chungu cha kupikia maharage anajua kwamba hadi leo hakijavuja. Kazi yenyewe ilikuwa ya wanawake, na ilikuwa na taratibu zake: udongo mwekundu wa korongoni, vigae vya zamani vilivyosagwa na kuchanganywa ndani yake, kusugua kwa kokoto laini hadi ung'ae, kukausha kivulini, kisha kuchoma shimoni kwa kuni za mwaloni na mavi makavu ya ng'ombe. Bibi Hanne hakusifu kazi ya mtu. Akiridhika alikaa kimya, na marehemu alijifunza kuufurahia ule ukimya.

Sasa tufike mahali ambapo wasifu mwingi hupita kwa haraka. Jumanne, tarehe 14 Mei 1974, katika juma la kuchuma waridi za kuchemshia marashi, baada ya siku mbili za uchungu, marehemu alijifungua mtoto wa kike ambaye hakuvuta pumzi. Siku zile mtoto asiyebatizwa hakuingizwa katika kaburi la ukoo. Baba alimchukua akamzika alikojua yeye. Na akina bibi walikuwa na sharti lao jingine, kwamba mama asionyeshwe mahali hapo, maana akipajua, tumbo lake litamfuata mtoto mchangani na halitabeba tena. Bibi Hanne alimwapisha mwanawe kwa mkate na chumvi kwamba hatasema. Haikuwa roho mbaya. Alitaka wajukuu, na alimwonea mkwewe huruma kwa namna aliyoijua.

Marehemu alilala na homa siku sita. Alipopata nafuu, kitanda cha mtoto kilikuwa kimeshapandishwa darini na majirani walikuwa wakizungumza habari za mvua. Alimuuliza mume wake mara moja tu, "Umemweka wapi?"

Boulos akajibu, "Mahali pazuri."

Neno hilo halikuongezewa jingine kwa miaka arobaini na tisa. Mimba nyingine haikuja. Watu waliendelea kumwita Mama Tannus, na yeye aliendelea kuitika.

Sanamu yake ya kwanza aliifinyanga mwaka 1979, na chanzo chake ni wifi yake Adla, dada yake Boulos, aliyeketi pale mstari wa tatu na ameturuhusu kusema. Februari ya mwaka huo Adla alijifungua binti wa sita. Nyumba nzima ilinuna. Hakuna aliyewasha jiko. Marehemu alipanda kilima na sufuria kubwa kuliko zote kijijini, akaipika mughli yeye mwenyewe, akaipamba kwa lozi hadi uji wenyewe hauonekani, kisha akasimama mlangoni akiwaita wapita njia kama mwuza samaki.

"Karibuni! Karibuni, jamani, tumepata mtoto!"

"Mtoto gani?" wakauliza.

"Mtoto wa kula na kunywa! Wewe unataka yupi, mwenye ndevu?"

Juma lililofuata Adla alimjia kwenye kibanda chake cha ufinyanzi, akakaa kwenye kigoda kilichokuwa karibu na dirisha, akaanza kusema. Alisema tangu asubuhi hadi saa ya kula. Alisimulia jinsi alivyogeuza uso ukutani kila mara mkunga aliponyamaza, na jinsi alivyompenda huyu wa sita kuliko wote kwa sababu hakuna mwingine aliyempenda. Mikono ya marehemu ilikuwa kwenye udongo, na Adla alipomaliza, mezani hapakuwa na chungu. Palikuwa na mwanamke aliyekaa kitako, mgongo kaupa mlango, mapajani amebeba vyungu vidogo sita.

Walikisugua pamoja kile kiumbe, wakakikausha, wakakichoma. Kikapasuka motoni kwa kishindo ambacho mbuzi wa jirani walikikimbia.

Mfinyanzi wa vyungu tu ndiye angekosea vile. Chungu kina mdomo tangu kinapozaliwa. Aliyefinyanga vyungu miaka tisa hajawahi kufikiria mvuke utatokea wapi, kwa hiyo marehemu alikuwa amelifunga tumbo la sanamu pande zote. Bibi Hanne aliinama shimoni akaokota vigae, akavigeuzageuza kiganjani.

"Umemziba," akasema. "Ulitaka apumulie wapi?"

Sanamu ya pili ya Adla ilitobolewa tundu kwa sindano ya kufumia, chini kidogo ya kisogo, na aliyetoboa ni Adla mwenyewe. Ikatoka motoni nzima. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi ya kibanda kile: anayekaa kwenye kigoda husimulia, marehemu hufinyanga, na msimuliaji akimaliza hupewa sindano atoboe yeye. Kijiji kilijua. Ukipita dirishani ukamwona mtu amekalia kigoda, ulipita kimya, hata kama ulikuwa umekuja kuazima chumvi.

Kwa miaka arobaini na mitatu alifinyanga sanamu sitini na tatu. Yupo aliyeharibikiwa mimba nne na akaendelea kwenda kuwapongeza wenzake. Yupo mkunga wetu wa zamani, amelala usingizi amekaa, mikono ndani ya beseni. Yupo mwalimu ambaye hakutaka mtoto kabisa, akasema hivyo waziwazi mbele ya mama yake. Huyo marehemu alimfinyanga amesimama, mikono mifukoni, uso wa mtu aliyeshiba. Watu walipouliza kwa nini naye amewekwa kwenye rafu moja na wazazi, marehemu alisema, "Kwani yeye hana tumbo?"

Hata wanaume walikuja, ingawa walianza kwa kuzungumzia bei ya kuni. Mchinja nyama wetu, ambaye ametuomba tusilifiche jambo lake, alikalia kigoda mwaka 1996. Alisema daktari alimwambia zamani kwamba kasoro ni yake, naye aliacha lawama zimwangukie mke wake miaka ishirini, kwenye kila harusi na kila ubatizo. Alilia hadi aproni ikalowa. Marehemu alimfinyanga ameishika aproni kwa mikono miwili mbele yake, kama mtu anayejificha nyuma ya pazia fupi. Alipopewa sindano alimwomba marehemu amsaidie. Akamjibu, "Hapana, baba. Hiyo toboa mwenyewe. Halafu nenda kwa mkeo kabla hujanawa mikono."

Oktoba 1999 sanamu zilialikwa Beirut, kwenye ukumbi wenye taa nyingi. Zilishuka mlimani ndani ya magodoro, na wenyewe walishuka nazo kwa basi, kila mmoja akasimama karibu na yake. Mchinja nyama alivaa suti, mke wake kamshika mkono, na kila aliyepita alimwambia, "Huyu ni mimi." Bwana mmoja tajiri alitaka kununua zote kwa pamoja. Marehemu alimwambia, "Si zangu. Muulize kila mwenyewe." Hakuna hata mmoja aliyeuza. Kisha mama mmoja mgeni, kwa nia njema tu, akauliza, "Na yako wewe ni ipi, Mama Tannus?"

Marehemu akacheka. "Mganga hajigangi," akasema, akaenda kutafuta maji ya kunywa. Adla anasema alichelewa sana kurudi.

Agosti 2022 alianza kulalamika maumivu ya mgongo. Alidhani ni udongo, maana alikuwa bado akijibebea ndoo mwenyewe. Daktari wa Batrun alimpeleka hospitali ya Trablus, na huko ikaonekana ni saratani ya kongosho, tena imeshasambaa. Alikubali matibabu ya awamu ya kwanza, ya pili akayakataa. Alisema nywele hazimsumbui ila hawezi kufinyanga huku anatapika. Akarudi nyumbani, na majira yale ya baridi, siku alizopata nguvu, akafinyanga sanamu ya sitini na nne.

Ni mwanamke aliyelala chali chini ya blanketi. Waliosoma kwa masista walimtambua mara moja. Lakini huyu macho yake yako wazi, na mkono mmoja ameunyoosha nje ya blanketi, kiganja juu, kama mtu anayengoja apewe kitu. Adla aliizunguka ile sanamu mara mbili.

"Wifi, umezeeka. Umesahau tundu."

"Sijasahau."

"Basi atapasuka huyu."

"Najua."

Sanamu ikakaa mezani inakauka, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Jumatano, tarehe 19 Aprili mwaka huu, Boulos aliingia kibandani kumletea mkewe dawa. Mpwa wa marehemu, Rula, binti wa Milad, anayewasomea haya, alikuwepo akiosha kokoto za kusugulia. Boulos aliiangalia sanamu. Aliuangalia ule mkono. Kisha mzee huyu ambaye kwa miaka yote hiyo aliingia na kutoka humo bila hata kuegemea mlango, alivuta kigoda akakikalia.

Marehemu akamgeukia. "Baba Tannus, miguu imechoka?"

"Usiniite hivyo," Boulos akasema. "Ukuta wa tatu. Chini ya waridi."

Kokoto zilikuwa zinachuruzika maji sakafuni.

"Nilimwogesha kwanza," akaendelea. "Nikamfunga kwa shali yangu ya harusi. Niliweka mawe madogo chini, kama ya msingi, asilowe. Halafu nikapanda waridi."

"Kwa nini waridi?"

"Ulilala na homa siku sita ukimwita. Warda, Warda. Wengine walidhani unaweweseka juu ya waridi za kuchuma, maana ndio ulikuwa wakati wake. Mimi nilijua unamwita nani."

Kwa miaka yote ile marehemu aliamini kwamba jina hilo analijua yeye peke yake na Mungu. Hakuwa amemtajia hata Adla.

"Mama yako alikufa mwaka tisini na moja," akasema polepole. "Kiapo kilikufa naye. Hii miaka thelathini na miwili mingine ulikuwa unangoja nini?"

"Niliogopa utanichukia. Halafu nikazoea kunyamaza. Hiyo nayo ni kazi, Nazira, ukiizoea unaifanya vizuri."

Marehemu alichukua kitambaa kibichi cha udongo akamtupia, kikampata shavuni. "Miaka arobaini na tisa unaniletea waridi za mwanangu nizichemshe! Kila Mei! Unanibwagia kapu hapo, unasema 'mwaka huu zimependeza,' hukusema!"

"Nilikuwa namleta kwako," Boulos akasema. "Sikujua njia nyingine."

Marehemu alilia, na mume wake alilia, na mpwa wao naye akalia juu ya kokoto zake. Ni kweli kwamba Boulos hakuwahi kumruhusu mtu yeyote kuchuma waridi za ukuta wa tatu. Sisi watoto tulifikiri ni uchoyo. Tulipotulia, marehemu alipapasa dirishani akaitoa sindano ya kufumia, akampa mumewe.

"Toboa."

"Mimi? Sanamu ni yako."

"Yangu, ndiyo. Lakini hadithi ulikuwa nayo wewe. Toboa."

Mikono iliyojenga nusu ya kuta za mlima huu ikaishika sindano. Udongo ulikuwa umeshakauka, ikabidi azungushe sindano muda mrefu, na tundu likatoka kubwa kuliko lilivyotakiwa, tena upande. Adla alipoliona jioni yake alisema, "Haya, huyu sasa hapasuki. Tundu hili hata paka anapita."

Jumapili, tarehe 14 Mei, tulimbeba marehemu kwenye kiti hadi ukuta wa tatu. Waridi zilikuwa zimefunguka. Alituambia tuondoke, tukaondoka, lakini hatukwenda mbali. Alikaa hapo tangu baada ya misa hadi saa ya kula. Tulimsikia akizungumza, na kuna wakati tulimsikia akicheka. Aliporudi alikuwa na njaa, akaomba mkate na jibini, na hicho ndicho chakula cha mwisho alichokula kwa hamu.

Siku iliyofuata alimwita Rula akamwagiza mambo matatu. Sanamu ya mwisho isichomwe kabla haijakauka sawasawa, hata kama watu wana haraka ya kuiona. Sanamu nyingine zote zirudi kwa wenyewe. Na jina la binti yake lisomwe kwenye mazishi yake, pamoja na tarehe, kama linavyosomwa jina la mtoto wa mtu yeyote.

Alifariki Jumatatu, tarehe 22 Mei 2023, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, dirisha likiwa wazi, Boulos amemshika mkono na Adla amemshika miguu.

Hilo agizo la tatu ndilo lililotugombanisha. Mdogo wake marehemu, Milad, ambaye ameketi mstari wa mbele na anajua anasemwa, alisimama sebuleni akasema mtoto asiyebatizwa hajawahi kusomwa katika kanisa hili tangu lijengwe, na kwamba watu wa chini bondeni watatucheka. Alisema dada yake alikuwa mgonjwa, na mgonjwa husema mengi. Rula, ambaye ni bintiye, alimjibu kwa maneno ambayo ameshamwomba radhi, hasa kwa sauti aliyoyasemea. Tukampelekea shauri Padri Antun. Padri alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Someni. Mimi nitaitika amina."

Milad aliondoka bila kuaga. Tulidhani hatakuja.

Kwenye nakala ya kwanza ya wasifu huu tulikuwa tumeandika, kama inavyoandikwa siku zote, kwamba marehemu hakujaliwa mtoto. Boulos aliomba asomewe. Tulipofika hapo alinyoosha mkono akachukua kalamu, akaikata sentensi hiyo mwenyewe, mistari miwili, kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika. Na wale mnaoshangazwa na karatasi za tanzia zilizobandikwa tangu hapa hadi njia ya Batrun, mjue kwamba mpiga chapa naye alishangaa. Alipiga simu kuuliza kama jina la mfiwa limekosewa, maana anamfahamu Baba Tannus miaka thelathini. Boulos alimwambia, "Kosa lilikuwa lile la zamani. Chapa kama ilivyo."

Marehemu ameacha mume wake, Boulos Daher, Baba Warda. Mdogo wake, Milad Matar, na mke wake. Wifi yake na rafiki yake wa roho, Adla, na binti zake sita, ambao wote aliwapikia. Mpwa wake Rula. Na watu sitini na watatu, wengine wako hapa na wengine wametangulia, ambao kila mmoja wao alitoboa tundu kwa mkono wake. Dada zake watatu wametangulia. Ametanguliwa pia na mtoto wake wa pekee, Warda binti Boulos Daher, aliyezaliwa na kufariki Bayt Sallum, tarehe 14 Mei 1974, na kuzikwa na baba yake katika ukuta wa tatu. Siku ya arobaini tutaichoma sanamu ya mwisho, na wote mnakaribishwa.

Baada ya maziko tafadhali piteni ukumbini. Kutakuwa na kahawa chungu kama ilivyo desturi ya msiba, na kutakuwa na mughli. Tunajua kwamba mughli hailiwi msibani. Adla aliipika tangu alfajiri, kwa kuwa kuna mtoto wa nyumba hii ambaye wageni wake hawajawahi kupewa. Saa moja asubuhi, tukiwa tumeshakata tamaa ya mapambo, mlango ulifunguliwa na Milad akaingia na mfuko, akauweka mezani bila kumtazama mtu.

"Lozi," akasema. "Ni zake. Nilichelewa kuzirudisha."

Nazira, Mama Warda, pumzika kwa amani pamoja na mwanao.